Sheria ya Binti wa Mfalme

Juzi mwanangu alikwangua kadi ya zawadi kwa sarafu, na ule ungaunga wa kijivu ukabaki kwenye kucha zake. Nikamfukuza mezani kwa ukali asioustahili.

Mama alikuwa akikwangua kadi za simu vivyo hivyo kila Ijumaa, kwenye ngazi za nyumba yetu ya Acocks Green, kule Uingereza, ili mdogo wangu azungumze na mama yake Unguja. Alikuwa mtoto wa mama mdogo, wa miaka sita, kaletwa kwetu kulelewa. Mama alimsuka yeye kwanza, mimi baadaye, na hilo sikulisamehe.

Ijumaa moja mwalimu alitusomesha habari za mabinti wa wafalme wa Kiingereza wa kale, waliopelekwa ng'ambo wangali wadogo, wakaolewe na watu wasiowajua. Niliporudi nikamvika mdogo wangu shela la mama, nikampa ufalme, na sheria moja niliyoitunga mwenyewe.

"Binti wa mfalme akishavuka bahari, hana mama tena. Mama akimwita, anasema sikujui. Ukikosea, ufalme nauchukua mimi."

Mama alimpa simu, akaingia jikoni. Mtoto akasimama wima, shela likiburura sakafuni.

"Mwanangu, hujambo?" Sauti ya mama mdogo ilinifikia hata mimi.

"Sikujui," akasema. "Mimi sina mama."

Kisha akanitazama, ajue kama amepatia.

Nikamtabasamia. Nikaichukua simu, nikasema kwa adabu zote nilizofundishwa, "Shikamoo, mama mdogo."

Mpaka leo sijaisikia marahaba yake.