Bomba Lililofutwa

Mtaani walimwita Kifutio, na jina lilimkaa. Katika studio yake, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na pazia jeupe, alikuwa amefuta chunusi za mabibi harusi, vitambi vya mashemeji, na safari moja mume mzima aliyekwisha kutoa talaka. Palipokuwa na bwana pakabaki chungu cha maua. Sharti lake lilikuwa moja: akimaliza kazi, huihifadhi juu ya picha ya awali, ile ya kwanza isionekane tena. Wateja walimpendea hilo, maana siri za nyuso zao hazikulala kwenye mashine ya mtu.

Ndipo akaja mpiga picha wa safari, kijana mcheshi aliyezunguka pwani hadi pwani akikipigia picha chama cha kuhifadhi bahari. Mabango yake yalivuta wageni, na wageni walileta michango. Lakini katika picha za ghuba ya karibu lilitokeza bomba la maji machafu, na mdomoni mwake doa la kahawia.

"Futa hilo, dada yangu," alisema. "Nani atachangia bahari iliyo maiti? Watu hulinda wanachokipenda."

Maneno yakamwingia, akafuta. Kila msimu kijana alileta picha mpya, na kila msimu doa lilikuwa limesogea, mpaka siku moja Kifutio akajikuta anapaka buluu zaidi ya nusu ya maji. Alipomweleza kuwa uchafu unaenea, kijana alicheka tu: kampeni kwanza, bomba baadaye. Kifutio akanyamaza, na kusema kweli alinyamaza kwa sababu lile bango lilimpendeza. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile.

Jioni moja binti yake kitindamimba alirudi shuleni akirukaruka.

"Mama! Kesho darasa letu tunaenda kuogelea pale kwenye bango lako! Mwalimu amelibandika ukutani. Nimewaambia wote ni wewe umelitengeneza!"

Mwiko ulimponyoka. Akampigia mwalimu simu papo hapo.

"Mwalimu, msiende. Yale maji ni ya vyooni."

"Jamani, mama! Mbona kwenye picha mchanga wa chini unaonekana?"

"Uchafu niliufuta mimi."

"Haya, nitumie basi ile picha kabla hujafuta. Niwaonyeshe wenzangu."

Picha hiyo haikuwepo. Alizipekua mashine zote mbili huku akijua fika hatapata kitu, na mpiga picha alikuwa safarini, simu yake haipatikani.

Kulipopambazuka alimwacha binti kwa mama yake mzazi. "Huyu asitoke, mama, hata akilia." Akashika njia ya ghuba. Harufu ilimpokea kabla hajayaona maji. Doa halikuwa doa tena. Ghuba nzima ilikuwa rangi ya chai iliyochacha, na samaki wadogo walilala ubavu ukingoni. Akapiga picha ya bomba, akapiga na ya maji, akatuma zote.

Mwalimu akajibu: "Mama, anayeweza kufuta bomba anaweza pia kuliweka. Kama hutaki mwanao aende, ungesema tu. Hata hivyo bibi yake amemleta, mtoto alilia mno. Tunakaribia kufika."

Alipoinua macho, basi la shule lilikuwa limekwisha kusimama kule juu barabarani, mbali naye. Watoto wakateremka, na mmoja baada ya mwingine wakaziba pua, wakasimama. Mwalimu naye akasimama. Binti yake peke yake ndiye hakusimama. Alikuwa anakimbia kinyumenyume kuelekea majini, uso kwa wenzake, mikono juu, akicheka.

Kifutio alikimbia akiita mpaka sauti ikamkauka.

"Njooni, msiogope!" binti aliwapigia kelele wenzake. "Haya maji ameyatengeneza mama yangu!"

Akajitupa.