Hita ya Gesi na Mama Mkwe

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuipa shatafu, ule mpira wa kujisafishia chooni, maji ya moto.

Ufundi wa bomba nilijifunza peke yangu, kwa kusoma vikaratasi vinavyokuja ndani ya maboksi na kwa kusimama nyuma ya mafundi wa mtaa wa Firq mpaka wakanichoka. Asubuhi nilikuwa karani wa ofisi pale mjini Nizwa. Jioni nilivua kanzu nikashika spana. Kwa vile sikuwa na mwalimu wa kuniambia "basi, pametosha," kila kiungo nilikifunga, nikakifungua, nikakifunga tena. Nikiamka kwenda kusali alfajiri, kwanza napapasa mabomba kama yana jasho.

Mwaka ule mke wangu alikuwa karibu kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na siku zenyewe zilikuwa za baridi. Mama yake alitaka akazalie kwao Sur, mji wa mbali huko pwani, apate kumkanda kwa maji ya moto arubaini nzima, kama walivyokandwa wao Unguja kabla ya kurudi huku nchi ya Wamanga. Mimi nilikataa. Nilitaka mwanangu azaliwe kwangu. Tukakubaliana, maneno yakipitia kwa mke wangu, kwamba mama mkwe atakuja yeye Nizwa, na mimi nitahakikisha maji ya moto hayakatiki. Yakikatika, mzazi na mtoto watakwenda zao Sur.

Nikanunua hita ya gesi, ile isiyoweka maji: ukifungua mfereji inawaka, ukifunga inazimika. Niliitundika nje, kwenye ukuta wa bafu, ili moshi upate njia. Maji ya tangi la juu ya paa yalishuka bila nguvu, na hita haikukubali kuwaka. Basi nikaiwekea pampu yake, inayovuta kutoka tangi la chini na kujiwasha yenyewe maji yakianza kwenda. Maji ya baridi niliyaacha yashuke kutoka paani kama zamani. Beseni la kuogea likapata moto, shawa ikapata moto. Ningeishia hapo. Lakini niliona vibaya mzazi ajisafishe chooni kwa maji ya barafu, nikaitoa shatafu kwenye bomba la baridi nikaifungia mifereji miwili, wa moto na wa baridi, inayokutana kabla ya mpira. Sikuijua nyumba nyingine yenye raha hiyo. Nilijivuna.

Mtoto akaja, wa kike. Mama mkwe akaja na vikapu vyake, mafuta ya nazi, na udi wa kufukiza nguo. Bafu likawa halina nafasi ya mwanamume.

Mtungi wa gesi ukaisha kabla sijauzoea. Nikabadilisha, nao ukaisha upesi vilevile. Nikambebea muuza gesi wa Firq mtungi mtupu mpaka dukani. Alikuwa Mmanga mwenzetu aliyekulia Bujumbura, mtu wa maneno mengi.

"Unaniuzia nusu mtungi," nikamwambia.

"Nusu? Bwana fundi, huu hapa mzani, huu hapa mtungi. Pima mwenyewe."

Nikapima. Nikapima na mwingine. Ilikuwa sawa.

"Haya, sasa tupime na kichwa chako," akasema, na waliokuwa dukani wakacheka. "Wewe nenda katazame nyumbani kwako nani anapika mbuzi bafuni."

Alikuwa anatania, lakini neno lile lilinipata. Nilipaka povu la sabuni kila kiungo cha gesi, nikangoja povu livimbe. Halikuvimba. Gesi haivuji na muuzaji hakuniibia. Nani basi? Mke wangu anakandwa mara moja asubuhi na mara moja jioni. Akabaki mtu mmoja.

Kwetu mkwe ni mtu wa kuinamiwa macho. Mama mkwe nikimwamkia nasimama kizingitini, naangalia sakafu, naye anaitikia huku amejivuta mtandio. Kumuuliza mama mkwe mambo ya bafuni, anaoga kwa muda gani, anafunga vipi mifereji, ni bora uhame mji. Kwa hiyo sikuuliza. Nilianza kumchunguza.

Nikiwa sebuleni nasikiliza pampu. Ilinguruma wakati wowote, hata saa ambazo nadhani watu wamelala mchana. Siku moja nikamwona uani, amekinga ndoo chini ya mlizamu wa tangi la paa, ule mdomo wa kumwagia maji likijaa, na maji yanayoingia ndani ya ndoo yanatoa mvuke. Alipogeuka na kuniona akaifunika ndoo kwa kanga, akaingia ndani haraka. Moyo wangu ukasema: ndiye. Ananimalizia gesi kwa makusudi, maji yakatike, ampeleke binti yake Sur kama alivyotaka tangu mwanzo. Sikujiuliza maji ya moto yanatafuta nini kwenye mlizamu wa tangi la baridi. Mimi, mtu wa kufunga kiungo mara tatu, sikujiuliza.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda kazini, nilifunga koki ya mtungi. Nilitaka kuona atakayelalamika kwanza, nikiamini mwenye kuzoea kutumia sana ndiye atakayepiga kelele.

Niliporudi adhuhuri pampu ilikuwa ikinguruma. Mke wangu alikuwa kitandani na mablanketi mpaka kidevuni.

"Maji yamegeuka baridi nikiwa na sabuni mwilini," akasema. "Mama ameshampigia simu kaka. Anakuja kutuchukua."

"Nilikuwa natazama kitu," nikasema.

"Ulikuwa unatazama nini? Mie?"

Nikatoka nje, nikafungua koki ya gesi, nikasimama pale pale kwa aibu. Pampu ilikuwa bado inanguruma, na hita ikawaka. Mke wangu yuko kitandani. Mama mkwe namsikia jikoni akimwimbia mtoto. Bafuni hamna mtu.

Nikaingia nikashika bomba la baridi. Lilikuwa na joto. Nikalifuata kwa kiganja mpaka kwenye shatafu. Mifereji yake yote miwili ilikuwa wazi, na mpira umefungwa kwa kile kibonyezo cha mkononi tu, kama kila mtu anavyofanya. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikifunga na mifereji, kwa wasiwasi wangu. Maji ya moto yalisukumwa na pampu, yakakosa njia kwenye mpira, yakaingia bomba la baridi na kupanda mpaka tangi la paa, na tangi likijaa yanamwagika uani. Nilifunga mifereji. Pampu ikanyamaza.

Nikaenda mlangoni pa jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ushaniamkia leo."

"Nataka kusema jambo la chooni."

Kutoka chumbani mke wangu akaguna, "Ya Rabbi!"

"Haya, ushafika huko, sema," akasema mama mkwe.

Nikamweleza yote, shatafu, pampu, mlizamu, na koki niliyoifunga kwa kumdhania. Alisikiliza huku akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Kumbe hukutengeneza hivyo kwa kutaka?" akasema. "Mie tangu siku niliyokuja naona maji ya moto yanamwagika uani. Nikasema huenda ndiyo ufundi wa siku hizi. Nikaona yasipotee bure, nikakinga ndoo nifulie nepi."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikwambie nini? Mkwe nimwambie bomba lake linamwaga? Ungesema nimekuja kukuumbua." Kisha akasema, "Kunidhania nimekusamehe. Lakini mzazi umempigisha baridi, na kaka yake yuko njiani. Tutakwenda."

Wakaenda. Walipita Ibra, njia ya Sur, kabla ya magharibi, na mimi nikabaki naitoa shatafu kwenye maji ya moto na kuirudisha kwenye bomba lake la baridi. Arubaini ilimalizikia Sur. Kila Alhamisi niliendesha kwenda kumwona mwanangu, na Ijumaa nikarudi peke yangu.

Walirudi, hawajambo wote. Siku hizi shatafu zote ninazofunga zina maji ya baridi tu, na kila penye pampu na tangi la paa naweka valvu ya kuzuia maji yasirudi. Mama mkwe akija Nizwa, kitu kikivuja huniita mwenyewe, na mimi nikiwa na shaka humuuliza.