Siku Othieno Alipokataa Kushika Kitabu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo miguu yangu inaikumbuka kuliko kichwa changu. Siku hiyo nilitembea huku na huko nje ya ofisi ya mwenyekiti wetu wa mtaa mpaka nyasi zikakataa kuota pale hadi leo. Na kama nimeongeza kidogo, ni chumvi tu. Mboga isiyo na chumvi hata paka huipita.

Nimeikumbuka kwa sababu juzi vijana walinijia wakihema kama waliofukuzwa na nyuki. Mwenzao ameandika kwenye simu, kundi zima likasoma, kwamba haamini kuwa Mungu yupo. Kuacha kwake kanisa hakukuwasumbua sana. Hapa Busia watu huhama makanisa kama wanaobadili shati. Kilichowachoma ni kwamba hakwenda popote. Mmoja akaniuliza, “Mzee Juma, kama kanisa limemchosha, si angekuja kwetu msikitini? Ama angeenda hata kwa walokole?” Walitaka niwape ruhusa wamtoe kwenye kundi. Niliwaambia wakae chini kwanza, halafu mimi mwenyewe nikashindwa kukaa. Nikawasimulia haya ninayokuandikia wewe.

Wakati ule nilikuwa kijana wa boda, na boda ilikuwa baiskeli, si hizi pikipiki zenu zinazopiga kelele kama zinadai urithi. Nilikuwa bado sijaingia shule ya usiku, ile ngumbaru niliyokuja kumaliza nikiwa wa kwanza darasani. (Tulikuwa watatu, na mmoja alisinzia muhula mzima. Wa kwanza ni wa kwanza.) Kazi yangu ilikuwa kuvusha watu na mizigo kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda, nikipita malori yaliyosimama foleni ambayo, nikikumbuka vizuri, mkia wake ulikuwa Mombasa.

Kazi ile ilitufundisha jambo moja, na jambo hilohilo likatupotosha. Mtu akipanda boda upande huu, anashuka upande ule. Hakuna abiria aliyewahi kuniambia nimshushe katikati ya mageti mawili ya mpaka. Kwa hiyo mtu akiacha dini yake, sisi tulimtazama kama abiria: ametoka huku, basi anaingia wapi? Tukawa tunagombania kumpakia.

Ndivyo tulivyomfanyia Othieno. Huyu alikuwa mtoto wa katekista, kwao Kisoko, upande wa Tororo, na alikuwa fundi wa baiskeli pale kwenye stendi yetu. Tangu utotoni aliongoza nyimbo kanisani, na sauti yake, mwanangu, iliweza kumliza askari wa forodha. Siku moja akaacha. Hakugombana na padri, hakudai mke wa pili, hakulewa. Aliacha tu, na alipoulizwa alisema haamini tena.

Walokole walimjia na ngoma. Wasabato walimjia na picha za wanyama wenye vichwa saba. Mimi nilimjia na kofia mpya iliyodariziwa vizuri, nikamvisha mbele ya stendi nzima, nikampeleka mpaka kwenye dirisha la saluni ajitazame. Alijitazama kwa heshima, akaivua, akanirudishia.

“Kofia ni nzuri sana, Juma,” aliniambia. “Kichwa ndicho hakijabadilika.”

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini iliniuma. Nilimwona mkaidi.

Sasa sikia balaa lilivyoingia. Alikuwapo mama mmoja Msamia, Mama Nekesa, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mama wa kanisa hasa, aliyenizidi umri kama mara tatu na aliyeheshimiwa pande zote mbili za mpaka. Alinituma nimvushie gunia la omena kutoka upande wa Kenya. Nilipofika kwenye kibanda chake nilikuta amekwenda hospitali kumwona mjukuu, nikaliacha gunia kwa jirani yake, Wandera, mwenye duka la sukari na sabuni. Wandera mwenyewe alinisaidia kulishusha. Kesho yake Mama Nekesa alipokwenda kulichukua, Wandera akasema hajaona gunia wala harufu yake.

Na harufu ya omena, mwanangu, haifichiki hata ukiihamishia mbinguni.

Kufikia saa tatu asubuhi mtaa mzima ulijua kwamba Juma wa boda ameiba gunia la bibi mwenye mgonjwa. Vijana wakakusanyika nje ya ofisi ya mwenyekiti, na baadhi yao walikuwa wameshika vitu ambavyo si vya kuombea. Siku zile mtu akiitwa mwizi mpakani hakusubiriwa ajieleze. Na mimi nilikuwa na shahidi mmoja tu duniani. Wandera alipokuwa akinisaidia kushusha gunia lile, Othieno alikuwa amechuchumaa hatua chache tu akiziba pancha.

Mezani kwa mwenyekiti palikuwa na Biblia na Kurani, na desturi ilikuwa kwamba hakuna anayesema neno kabla ya kushika kimoja na kuapa. Wandera alishika Biblia haraka, akaapa, akaibusu mpaka ikatoa sauti. Mimi nikatawadha, nikashika Kurani, nikaapa. Kiapo kwa kiapo, mizani imesimama. Ikabaki kwa Othieno.

“Kitabu iko mbili hapa,” mwenyekiti akamwambia. “Chukua moja.”

“Nitasema nilichoona, mwenyekiti,” akajibu Othieno. “Kushika sitashika. Siamini.”

“Kama hutaki ya baba yako, shika ya Waislamu.”

“Hata hiyo.”

Ofisi ikanguruma. Mmoja akapaza sauti dirishani kwamba basi aletewe kibuyu cha mganga kutoka Mella aapie hicho. Othieno akatikisa kichwa vilevile, bila hasira. Mwenyekiti akapiga meza. Akasema asiye na kiapo hana ushahidi, na kwamba anakwenda kula. Akirudi, Othieno asiposhika kitabu, ataamua kwa viapo viwili alivyonavyo. Nami nilijua maana yake. Upande mmoja mwenye duka, baba wa watoto, mzee wa kanisa; upande wa pili kijana wa baiskeli. Ningetoka kwa mlango uleule waliposimama wale vijana.

Hapo ndipo miguu ilipoanza kazi. Nilikwenda mpaka kwenye tangi la maji, nikarudi, nikaenda, nikarudi. Jasho langu lingeweza kujaza Mto Sio. Mwishowe nikamvuta Othieno nyuma ya tangi, nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza siku zote zile za kofia. Nilikuwa nimempa majibu tu. Kuuliza si ujinga, lakini sisi tuliona ujinga ni kumuuliza mtu asiye na dini. Nikamwambia, kama umechoshwa na hawa, kwa nini hukuja kwetu? Kwa nini ukatae vyote?

Akakaa juu ya jiwe. Akanieleza taratibu, kama vile hakuna watu wanaonisubiri, kwamba alikuwa na mdogo wake wa kike, Awor, aliyekufa kwa surua akiwa anamshika kidole. Baba yake katekista akamwambia Mungu alimpenda zaidi. Akamwendea jirani Mwislamu, mtu mwema, naye akamwambia ni kadari ya Mungu. Akamwendea bibi yake, naye akamwambia wahenga wa ukoo walitaka jambo.

“Nilizunguka kote, Juma,” alisema. “Jibu lilikuwa lile lile, limebadili nguo tu. Kwamba aliyeko juu alijua, na mimi ninyamaze. Ningekuwa nimegombana na padri, ningehama. Lakini sina ugomvi na mtu. Ni lile jibu lenyewe halikuingia. Sasa nihame nikalisikie tena kwenu?”

Mwanangu, nikachuchumaa kando ya jiwe lile. Nilikuwa nimedhani mtu wa namna ile ni mtu aliyeshiba, hana njaa ya Mungu. Kumbe alikuwa ametembea na njaa yake mlango kwa mlango wakati sisi tumelala.

Lakini hofu haina adabu. Nilisikia sauti za vijana kule mbele, nikamshika mabega. Nikamwambia basi, ndugu yangu, shika tu. Funga macho. Shika chochote, mkono ni nyama, moyoni baki na yako. Nani atajua?

“Nitajua mimi,” alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. Usifikiri ilimwia rahisi. Alinipenda.

Hatukujua kwamba Mama Nekesa yuko upande wa pili wa tangi, amekaa anakula muhogo wake. Akatokea, akajifuta mikono kwenye kanga, akanitazama kama mtu anayekagua samaki.

“Wewe Juma,” alisema. “Unamwomba mtu aanze na uongo, ili tumwamini akisema kweli?”

Nikaanza kujitetea, kwamba Mama, maisha yangu, si unaona wale. Hakunipa nafasi. Akasema yeye amesali miaka mingi kuliko nywele zangu, na kila siku anaona watu wakishika kile kitabu kwa mkono ambao jana ulikuwa mfukoni mwa mwenzao. Sisi tunaoamini, akasema, wengi wetu tunauogopa moto. Huyu hana moto wa kuogopa, na bado uongo unamshinda. Kisha akamgeukia Othieno, akamwita mwanangu, akamwambia kwamba yeye hakubaliani naye hata kidogo, na rozari yake itaendelea kumsumbua Mungu juu yake. Lakini twende ndani.

Mwenyekiti aliporudi akichokoa meno kwa kijiti, Mama Nekesa ndiye aliyesimama wa kwanza. Hakupaza sauti.

“Gunia ni langu,” alisema. “Aliyeibiwa ni mimi. Na mimi nimechagua macho ya huyu, bila kitabu. Aseme.”

Mwenyekiti alikuna kichwa sana. Desturi hiyo hakuijua. Lakini ni nani wa kumkatalia Mama Nekesa, ambaye alimlea mkewe? Othieno akasema alichoona, maneno machache kama mtu anayetaja vipuri: Juma alikuja, Wandera alishika upande mmoja, gunia likaingia stoo ya nyuma. Wandera akaruka kwamba neno la mpagani si neno. Mama Nekesa akamwomba tu atufungulie stoo. Wandera akatafuta ufunguo katika kila mfuko, hata mfuko ambao shati lake halikuwa nao.

Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa kutoka ofisini hadi dukani. Gunia lilikuwa chini ya magunia matupu ya sukari, limeshafunguliwa. Wandera akasema Shetani alimpitia. Vijana wakamgeukia yeye na vitu vyao, na ni Mama Nekesa huyohuyo aliyesimama mlangoni akatandaza kanga yake kama anaanika, akasema hakuna atakayemgusa, mtu ni jirani yake, na omena ni omena tu. Wakatawanyika wakinung'unika.

Unadhani tulijifunza siku hiyohiyo? Jioni ile walokole walimjia tena Othieno na ngoma, wakimwambia unaona, Mungu amekutumia, sasa okoka. Mimi nikazuia mkono wangu usiende kuchukua ile kofia. Uliwasha, lakini niliuzuia.

Othieno sasa analima huko Mella, ana wajukuu, bado haamini. Idd huja kwangu, na pilau langu analiamini kabisa. Mimi nasali sala tano na katika kila moja namtaja. Nilipomwambia, alisema nisichoke. Lile swali lake la Awor, mwanangu, sijalipata jibu hadi leo linaloweza kuingia moyoni mwa mtu aliyeshikwa kidole na mtoto anayekufa. Imani yangu haikuondoka, lakini hailali usingizi mzito kama zamani. Inaamka, inatembea ndani ya nyumba.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukisikia mtu ameacha dini yake na hajachukua nyingine, usikimbie kumpakia. Aliyegombana na mpishi atahamia hoteli ya pili. Lakini yuko ambaye shida yake ni chakula chenyewe, na hoteli zote kwake zinapika kile kile. Wengine huacha kwa hasira, wengine kwa kusoma, wengine kwa kufuata wenzao, siwezi kuwajua wote. Akili ni nywele. Muulize, kisha usikilize mpaka amalize, hata kama nyasi zinakufa chini ya miguu yako. Wewe unayeamini, amini kwa nguvu zako zote, wala usimfiche kwamba unaamini. Lakini usimlazimishe mtu adanganye ili wewe utulie. Vijana wale niliwaambia wamrudie mwenzao na swali, siyo na hukumu, na mmoja ameshakwenda.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe moyo unaouliza na sikio lenye subira. Akuepushe na kiapo cha uongo, chako na cha jirani. Na wewe usiyeweza kusema amina, nitaisema mimi kwa ajili yako, haikugharimu kitu: siku utakayosimama mbele ya watu huna cha kushika mkononi, upate mmoja wa kusema nimemchagua huyu, aseme.