Beseni Langu Migombani

Naikumbuka, mwanangu, siku niliyomsugua twiga mpaka masikio yakaisha. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niolewe hapa Tabaka, nimetoka kwetu Magwagwa kwenye majani chai, na kazi ya mawe ya sabuni, yale laini ya kuchongea wanyama, nilikuwa bado najifunza. Wanaume huchonga, nasi wanawake tunazunguka mabeseni ya maji, kila mmoja na msasa wake, tunasugua mpaka jiwe liteleze. Na tunaongea. Ukitaka kujua nani kagombana na nani mpaka mjini Ogembo, njoo usugue mawe.

Mimi ndiye niliyeongoza maongezi. Niliogopa kimya, nakwambia ukweli. Kikiingia, nilisikia moyoni kwamba mimi mgeni hapa na si lolote, basi nikakijaza vichekesho. Siku hiyo nilikuwa namwigiza mwalimu wetu wa kwaya, wenzangu wanashika mbavu. Nilipotazama mkononi, twiga ana kichwa laini kama yai. Lilikuwa jiwe la tatu kuharibu wiki hiyo.

Mama mkwe wangu, Kwamboka, ndiye aliyetusimamia. Alimgeuzageuza yule twiga, akaniangalia.

"Moraa, mikono yako naiona hapa. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Akaniambia nichukue beseni langu nikasugue migombani, kule chini karibu na kijito, peke yangu mpaka Ijumaa. "Ukiharibu lingine, hii kazi utaacha."

Nililia, kwa sababu niliipenda ile kazi na niliona nimeshafukuzwa. Siku ya kwanza niliongea na migomba, na usinicheke. Siku ya pili maneno yakaniishia, na ile sauti ya kuniita si lolote ikaja. Sikuwa na mtu wa kumchekesha, kwa hivyo nikaiacha iseme. Ikasema, ikarudia, ikachoka. Kumbe ilikuwa na maneno mawili tu. Siku ya tatu kidole changu kikaanza kujua wapi jiwe linataka nguvu na wapi linataka kuguswa kidogo tu. Mimi niliyeitwa kasuku, nikagundua nina subira. Nikaimba polepole, na kwa mara ya kwanza sikuimba ili mtu anisikie. Nilifurahi, mwanangu, nikajishangaa.

Ijumaa nikapanda na mawe yangu, masikio yote yapo. Mama akapitisha kidole juu ya kila moja.

"Sasa rudi kwa wenzako," akasema.

"Mama, niongezee wiki moja."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Nawe nakuona simu haikutoki mkononi, hata jikoni unaongea nayo. Sikulaumu, mimi nilikushinda. Lakini kila siku jitafutie muda wa kukaa mahali pasipo na mtu wa kukusifu wala kukucheka. Mwanzo utaogopa. Kaa tu. Sauti inayokudharau iache imalize, kisha sikiliza kinachobaki, maana hicho ndicho wewe. Ukishajijua, utawapenda watu bila kungoja wakuambie wewe ni nani. Mimi mpaka leo ndiye mcheshi wa mabeseni, ila sasa nacheka kwa kuwa nimefurahi.

Mungu akupe kimya usichokikimbia, na ukitoka humo, akupe watu wa kucheka nao.