Teke Nililojifunza kwa Fisi Maji

Ufipa nzima hakuna aliyekwenda chini ya maji kunizidi. Anayebisha aje Chanji aulize nyumba yenye bati jekundu na mashine ya kusaga ubavuni, ataletwa mpaka mlangoni. Shule niliishia darasa la tatu. Hayo mengine yote nilijitafutia.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa kijana, nafyatua tofali hapa mjini. Kwetu, ng'ambo ya Milanzi, watu walikuwa wamehamishwa. Mama na wadogo zangu walipelekwa kijiji kipya, mwendo wa siku nzima kwa miguu, nami nikabaki na kazi yangu. Nyuma ya mahame yetu palikuwa na bwawa ambalo wamisionari walilitengeneza ili maji yake yaendeshe kinu cha kusaga. Kinu kilishakufa, na ng'ombe waliokuwa wakinywa pale walihama na wenyewe. Kila Jumapili nikitoka misani nilikwenda kule. Mwanzoni sikwenda kuogelea, nisidanganye. Nilikwenda kukaa mahali ambapo zamani, saa kama hiyo, ningeitwa kula.

Bwawani alikuwamo fisi maji, yule mnyama mrefu mla samaki. Mmoja tu, mwenzake sikumwona kamwe. Akizama huku, anaibukia kule kwenye matete kabla sijamaliza kupiga chafya. Nikamwangalia Jumapili nyingi, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumwangalia. Nikaona kwamba hapigi miguu kama sisi. Mwili wote unajikunja kama kamba inayotikiswa: unaanza shingoni, unapita mgongoni, mkia unamalizia.

Nikavua nguo nikaingia. Maji ya kwetu mwezi wa Juni yanakufunga taya. Nikafunga vifundo vya miguu kwa kipande cha mpira wa tairi ili miguu iwe mmoja, nikajisukuma kutoka kwenye ukuta wa kinu, nikapiga. Sikwenda popote. Nilikuwa napiga kwa magoti, kama mtu anayekanyaga baiskeli iliyokatika mnyororo. Ilinichukua majira mawili ya baridi kuyanyamazisha magoti yale. Nilijifunza kunyoosha mikono mbele, kiganja juu ya kiganja, masikio yakabanwa na mabega. Nilijifunza kusukuma kifua chini kidogo, kiuno kiinuke, miguu ifuate yenyewe. Na kubwa kuliko yote, nilijifunza kwamba teke ni mawili: la kushuka na la kupanda. Kila mtu hulikumbuka la kushuka. La kupanda ndilo lililonitenga na wengine.

Kutoka ukutani hadi kwenye kisiki kilichozama nilianza kwa mateke ishirini. Nilipomaliza yalikuwa kumi na moja, na haraka zaidi. Hakuna aliyehesabu ila mimi.

Ndipo likabandikwa tangazo: mkoa unatafuta muogeleaji mmoja, atakwenda Dar es Salaam kwenye mashindano, na mchujo utafanyika Kasanga, Ziwa Tanganyika. Majina ya watakaochaguliwa kila mkoa yatasomwa redioni. Kijiji cha mama kilikuwa na redio moja, kijiji kizima kinakaa kuisikiliza. Nikasema nafasi hiyo ni yangu, na mama atanisikia.

Nikateremka na lori la mahindi. Vijana wa ziwani walinipokea kwa kicheko.

"We mtu wa ulezi, umekuja kuogelea au kunawa uso?" Aliyeuliza alikuwa mvuvi wa rika langu, mabega kama mlango. Wenzake walikwisha kumhesabia ushindi.

"Nimekuja kukuonyesha visigino," nikamjibu.

"Huko mlimani mnaogelea kwenye nini, ndugu? Kwenye togwa?"

Tulipangwa sita. Tulitakiwa kwenda hadi mtumbwi uliotiwa nanga na kurudi. Filimbi ikalia, nikazama. Wenzangu walikuwa juu wanapiga maji, mimi niko chini yao, kimo cha mkono, pale ambapo mawimbi hayakufikii. Kifua, kiuno, miguu. Nilikuwa nimewapita wote, naapa, naona kivuli cha mtumbwi kinakaribia, nikasikia ngurumo. Mara mikono ikanikamata nywele, mwingine mguu, mwingine kiuno. Nikavutwa juu kama gunia.

Kumbe kule ziwani kuna sharti lao. Mtu akizama asionekane, chochote kinachoendelea husimama. Hakuna ruhusa ya kukaa ukitazama. Wenye mitumbwi wanagonga mbao kufukuza mamba, na kila mwenye mikono anaingia majini. Wale vijana watano waliokuwa wakishindana nami waliacha mashindano wakanifuata mimi. Bibi mmoja ambaye simjui alikuwa ameingia na kanga zake mpaka kifuani, analia.

"Mwanangu, nani kakutuma kufa hapa?"

"Shikamoo, bibi. Sijafa. Nilikuwa nashinda."

Mwamuzi, afisa kutoka mjini, hakucheka. "Ndugu, tumekuja kuwaona waogeleaji. Wewe hatukuoni. Mtarudia, na kila mtu kichwa juu."

Tukarudia. Kichwa juu mimi ni mtu wa kawaida tu. Yule mvuvi alinipita kwa urefu wa mkono. Nafasi ilikuwa moja.

Lori la kunirudisha lilikuwa linangoja samaki, siku mbili. Nikakaa kwenye mawe, nikifikiria redio ya kijijini na jina litakalosomwa. Siku ya pili asubuhi akaja yule yule mvuvi, akakaa karibu nami bila kukaribishwa.

"Kaka," akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Nilikukamata mguu nikiwa nimeishiwa pumzi kukufuata. Ile ya chini ni nini?"

Ningeweza kumwambia akatafute fisi maji wake. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini miaka yote ile nilikuwa sijaulizwa.

Tukaingia. Alikuwa na nguvu za ng'ombe na magoti ya mbuzi. "Unapiga kama unafukuza kuku," nikamwambia. "Anzia kifuani. Umesahau la kupanda. Tena!"

"Mwalimu, una kelele kuliko mama mkwe."

"Tena!"

Mchana akaanza kulipata teke. Nikamwambia aende peke yake, nikatoka nikasimama mchangani nimwone. Akajisukuma kutoka kwenye jiwe, maji yakajifunga juu yake. Teke lile nilikuwa nimelitengeneza mimi, kila kipande, ila sikuwa nimewahi kusimama nje yake. Nikatazama mbele. Hakuna kitu. Hakuna povu, hakuna kichwa, ziwa tupu limelala. Nikaanza kuhesabu kama nilivyokuwa nikihesabu bwawani. Kumi na moja. Kumi na tano. Nilipofika ishirini hesabu ilinipotea, nikajikuta niko majini na suruali yangu pekee ya safari, maji kiunoni, namwita jina lake kwa sauti iliyonikwaruza koo.

Akaibuka mbali kabisa, karibu na mitumbwi, anacheka.

"Vipi, mwalimu? Ulidhani nimekufa?"

"Nani, mimi?" nikasema. "Naosha suruali."