Ramani ya Mizinga

Karani wa ushirika wa asali hupangusa vidole kwenye aproni kabla ya kugusa kompyuta, kana kwamba ndani yake mna nyuki waliolala. Mahali pa mizinga hupataja kwa kunong'ona, kwa kuwa ni siri, kama ilivyo ada msituni Yucatán, Meksiko, na Fulgencio, mrina asali, humsikiliza mpaka macho yamlegee. Leo amekuja muuzaji wa kampuni, anataka ramani za mizinga zihifadhiwe mawinguni, yaani kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali.

“Wingu lako limetua nchi gani, baba?” karani akamuuliza.

“Ng'ambo, mama. Salama kabisa.”

“Wakubwa wa huko wakitaka kuzifungua?”

“Hapo ataamua hakimu wao, kwa sheria yao.”

Karani akaigeuza skrini taratibu ikatazama ukuta.

“Mume wangu mwenyewe sijamwonyesha ramani hizi. Nikamwonyeshe hakimu wa ng'ambo?”