Mwangaluka ya Jioni

Harufu ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka na karanga ndiyo iliyotuita kwa akina Kabula, Somanda mjini Bariadi, likizo nzima ya mwezi wa sita. Nje malori ya pamba kutoka Kasoli yalipita yakitimua vumbi, na sisi watatu, Kabula, Masanja na mimi, tulijifungia sebuleni na deki ya video iliyopata moto mpaka ikanuka. Tulikuwa na miaka kumi na miwili hivi na shughuli moja tu: kutafuta filamu mbovu kuliko zote ili tuicheke. Na kuchagua ubovu ni kazi. Filamu mbovu ya kweli lazima iwe imetengenezwa kwa moyo wote. Maiti apepese macho, bastola ilie kabla haijatoka mfukoni. Masanja hakulielewa hilo hata siku moja. Unamtuma akakodi mbovu, analeta nzuri, kisha katikati anafuta machozi na kutuambia tunyamaze. Alinichosha yule mtoto.

Wiki moja bibi yake Kabula alikuwa amekuja kutoka Kimali kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na hospitalini walimwambia atapasuliwa Jumatatu. Aliogopa kisu, mama yake Kabula alimbembeleza siku tatu mpaka akakubali. Alishinda kwenye kigoda karibu na mlango, akimenya karanga kwa kupapasa na kuzungumza Kisukuma kitupu.

Jumamosi nilikwenda kuchagua mwenyewe, nikapata hazina. Jaladani alikuwepo mwanamume wa mjini aliyejifunga lubega shuka la kitanda lenye maua. Eti mchungaji wa Kisukuma, na ndama akimsogelea anaruka pembeni. Tulipofika penye jua kuzama, ng'ombe wakirudi zizini, aliingia uani na kusema kwa sauti nzito, "Mwangaluka, mayu." Sasa, mayu ni mama, na mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Jioni ni mwadila, na hata mimi mtoto wa mjini nililijua hilo. Tuliangua kicheko mpaka Masanja akaanguka kutoka kwenye kochi. Bibi, ambaye hakuiona televisheni, aliweka ungo chini, akajitengeneza kumpokea mgeni, akaitikia kwa heshima, "Mwangaluka mhola." Mwigizaji akarudia salamu, bibi naye akaitikia tena, nasi tukazidi kucheka. Kwenye filamu nako watu wakaanza kucheka. Bibi akauliza jambo kwa sauti ndogo, Kabula akakoma kucheka na kututafsiria: "Anauliza, na huyo mgeni naye ananicheka?"

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Bibi alitoka na kigoda chake, na muda si muda alikuwa ameshafunga furushi. Atarudi Kimali na basi la asubuhi, alisema. Watu wa mji wanaomcheka kipofu hawezi kuwaachia macho yake wayachane.

"Nendeni mkamwombe radhi," mama yake Kabula alituambia. "Akiondoka bila kutibiwa akapofuka moja kwa moja, mtacheka vizuri."

Nilikasirika, kwa sababu hatukuwa tumemcheka yeye. Lakini ningemwelezaje? Nyumbani kwetu baba alikataza Kisukuma, eti kitatuharibia shule. Kabula alikuwa analia, na Masanja alijificha nyuma yangu. Jioni ile nikapiga magoti mbele ya bibi na kutoa Kisukuma kidogo nilichokuwa nacho, ila kwa woga ikatoka ile salamu ya filamu.

"Mwangaluka, mayu."

Masanja akapaliwa na kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi aligeuza uso kuifuata sauti yangu.

"Mwadila," akanisahihisha. "Sema."

Nikasema. Alinirudisha mara tatu, kisha, kumbe alikijua kidogo, akauliza kwa Kiswahili cha kusitasita, "Na yule mgeni, yeye hakufundishwa?"

"Hakufundishwa, bibi. Ndiye tuliyekuwa tunamcheka."

Alicheka mpaka akashika mbavu, akafungua furushi mwenyewe. Jumatatu alikwenda hospitali.

Siku hizi filamu mbovu hazitafutwi. Zinakuja zenyewe kwenye simu, vipande vya dakika moja, na wanangu huzitazama na kucheka na watu wasiowajua. Sina ugomvi na ubovu. Ninachoudhika nacho ni kwamba hawaulizi nani amekaa mlangoni. Juzi mama yangu alipiga simu kutoka Bariadi. Mwanangu mkubwa aliweka sauti ya juu ili rafiki zake wasikie Kiswahili cha bibi yake, kile cha kuchanganya na Kisukuma, na chumba kizima kikacheka. Nilimfokea.

"Hatumcheki yeye," akasema. "Tunacheka anavyoongea tu."

Nilimpokonya simu ili nimweleze mama. Alikuwa ameshakata.